Filamu ya Giza Tuliyoipiga Muchana

Vijana wa ateliye, karakana yetu ya umeme, siku niliyorudisha vifaa vyangu mulinifanyia karamu nzuri. Mumoja wenu, simutaji kwa kuwa alikuwa amekunywa, aliuliza mbele ya wote kwa nini Papa Yakobo hawezi kupanda kreni bila kurudi chini kutazama kama kofia yake ingali mahali pake. Mulicheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba ninyi muliokuja nyuma hamulijui jambo lile. Munajua vipande, na vipande vyenyewe vimepindwa. Basi nimeketi kuandika. Nilisoma kidogo tu kwa mapadri, atakayetaka Kiswahili cha mashairi atafute kwa wengine. Mambo ya vyeo siyaandiki. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, na cha pili kiliniongezea funguo tu.

Niliingia ateliye ya bandarini hapa Kalemie, wakati ule Wazungu wakiita Albertville, kabla ya vita vyao vikubwa. Mwalimu wangu alikuwa Muzee Ramazani, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walivuka ziwa kutoka Ujiji na biashara. Hakuwa na diploma, alikuwa na masikio. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya mota inayozunguka, akaweka sikio kwenye mupini, kisha akakuambia ni upande gani unaokwisha. Wakati mwingine alikosea, naye alipokosea alisema mota ndiyo imedanganya.

Siku yangu ya kwanza hakunionyesha waya hata mumoja. Alinisimamisha mbele ya ubao mukubwa wa umeme, ule wenye vishikio virefu vya chuma vya kukata na kurudisha umeme wa kreni.

"Vua kofia," aliniambia.

Nikavua, nikidhani anadai heshima.

"Itundike pale kwenye kishikio. Sasa nani anaweza kukirudisha juu?"

"Bwana mukubwa."

"Hapana."

"Weye, Muzee."

"Hata miye siwezi. Kofia yako iko pale, maana yake weye uko juu ya kreni na mikono yako iko kwenye waya. Aliyeitundika njo atakayeitungua. Askofu akija na haraka zake, atangoja."

Sheria ile haikuandikwa popote. Kila fundi kofia yake ilijulikana, kama ng'ombe wanavyojulikana na mwenyewe. Yangu ilikuwa ya kitambaa cha kijani, na nyuma ilikuwa na mushono wa uzi mweupe kwa kuwa nyumbani uzi wa kijani ulikuwa umekwisha. Wazungu wengine walisema tunachafua ubao wao safi kwa kofia za jasho. Walisema, lakini hawakuzigusa. Watu wengi wamekuwa wazee katika ateliye ile kwa ajili ya jasho lile.

Kabla hajarudi kwa watoto wake Ujiji, Muzee Ramazani aliniachia koleo lake, mipini yake imefungwa kwa mupira wa baiskeli. Ninalo mpaka leo. Mupira wenyewe nimebadilisha mara nyingi, kwa hiyo sijui tena kama koleo ni lake au ni langu.

Sasa nafika pale ambapo nitataja majina. Wengine wameniambia: Papa Yakobo, umeshapumzika, acha. Nimeacha kazi, sikuacha kichwa.

Baada ya vita mukubwa wetu wa ateliye alikuwa bwana Delcourt. Sisi tulimuita Upesi-Upesi, maana neno lile alilisema hata akiwa anakula. Chini yake alikuwa kapita Lukusa, musimamizi wa mafundi, muntu murefu, mwembamba, mikono mirefu kama ya kuvuta nyavu, nguo zimepigwa pasi kila siku ya Mungu. Mwenzangu wa kazi alikuwa Simoni, mume wa Mama Feza. Tulipanda pamoja, tulishuka pamoja, tulikula sahani moja.

Siku ile kebo ya kreni ya gatini ilikuwa imekatika. Meli ya Kigoma ilikuwa imefunga kamba, pamba iko kwenye mabehewa, na Delcourt alikuwa anatembea gatini akitazama saa yake. Nilikata umeme mwenyewe. Nilitundika kofia yangu mwenyewe. Tukapanda. Simoni alishika kebo upande wa juu, mimi upande wa chini, tukaanza kufunga. Ya baadaye sikuyaona. Niliamka hospitalini kwa masista, mukono wa kushoto umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko, na ndani yake vidole viwili vilikuwa vimekwenda. Simoni walikuwa wameshamuzika.

Walipouliza nani amerudisha umeme, Delcourt alisema hajui, yeye alikuwa gatini. Lukusa alisema amerudisha yeye, ndiyo, kwa kuwa aliona kishikio kitupu. Kofia ya Yakobo, alisema, ilikuwa kwenye musumari karibu na mulango, pale ambapo muntu anatundika anapoingia kupumzika. Na kweli waliikuta pale kwenye musumari. Basi likawa neno: Yakobo alisahau kofia, Yakobo amemuua mwenzake.

Ninyi munaijua kazi yetu. Muntu akisema umeiba, watu watasahau. Akisema hukutundika kofia, hata fundi wa baiskeli atakutazama mikono.

Ningevumilia ateliye nzima. Lakini Mama Feza alikuwa anakaa barabara ileile ninayokaa. Kila aliponikuta njiani na ndoo yake kichwani, alihamia upande mwingine wa barabara, taratibu, bila kumwaga maji. Hakunitukana hata siku moja. Nilikwenda kwake mara moja kumueleza. Alikuja mulangoni, akasikiliza mpaka nilipotaja neno kofia, akafunga mulango. Kwa hiyo kitu nilichotaka katika miaka yote ile kilikuwa kimoja tu, kwamba Mama Feza ajue kofia ilikuwapo. Kortini sikuhitaji kwenda.

Kwa mukono ule hawakunipandisha tena juu kwa muda murefu. Walinipa balbu za barabarani, na Jumamosi walinipa masini ya sinema kwenye klabu ya Wazungu. Hapo njo nilipoonana na filamu za giza.

Hamuzijui, kwa hiyo nitaeleza. Ni filamu za Amerika na za Ufaransa, za polisi na wauaji. Mvua inanyesha kila wakati. Wanaume wote wana kofia na hawazivui hata chumbani. Taa iko moja, na hata hiyo moja imewekwa pabaya, kwa hiyo nusu ya uso unaiona na nusu huioni. Ukutani kuna kivuli kikubwa kuliko mwenyewe. Mwanamuke anavuta sigara na anajua kitu. Kwa sheria filamu zile hazikuwa za Mwafrika kutazama, zingetuharibu. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda nikiziendesha. Nafikiri walinihesabu pamoja na masini.

Lakini sikuona hata moja nzima. Masini ilikuwa moja, na filamu inakuja katika mikanda kadhaa. Mukanda wa pili ukianza, mimi ninainama kuurudisha wa kwanza nyuma kwa mukono, mukono wenyewe mumoja na nusu, na kusafisha vumbi. Nimeona wanaume wengi wakiingia chumbani na bastola. Nilipoinua kichwa, muntu alikuwa ameshaanguka. Nani alimupiga, mpaka leo sijui.

Katika mwaka wa 1956 Padri Odilon, wa shule ya walimu kwenye misioni, alirudi kutoka likizo na kamera. Ilikuwa ndogo, ya kuzungushwa ufunguo kama saa ya mezani. Ukishaizungusha inakimbia kidogo inakata, na sauti haichukui. Aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwamba watatengeneza filamu ya usafi, ya nzi na visima. Wanafunzi walikubali kwa uso ule wa kukubali. Kiongozi wao alikuwa Alfonsi, kijana wa wavuvi wa huku ziwani, mwenye maneno. Siku tatu hazikupita wakawa wamemugeuza Padri kutoka kwenye nzi mpaka kwenye polisi, mradi mwovu akamatwe mwishoni.

Niliitwa kwa ajili ya taa. Padri aliwaeleza kwamba kwa Kifaransa filamu zile zinaitwa filamu nyeusi.

"Padri," akasema Alfonsi, "kama ni nyeusi, mbona ni sisi tunaokatazwa?"

Padri alitafuta leso yake.

Basi, kwa kuwa hakuna aliyeziona isipokuwa mimi na Padri, na Padri hakutaka kusema amezionea wapi, mimi njo nilikuwa mwalimu. Niliwasimulia kama nilivyoziona, pamoja na mashimo yake.

"Halafu muntu yule aliingiaje, Papa?"

"Sijui. Nilipoinua kichwa alikuwa ndani."

"Bila mulango kufunguliwa?"

"Mulango sikuuona."

Alfonsi aliandika hivyohivyo. Katika filamu yetu watu wanaonekana chumbani bila kuingia, na muntu anakufa bila kupigwa. Padri alisema ni jambo la kisasa sana. Mimi niliendelea na waya zangu, kazi ilikuwa nyingi.

Kazi kubwa ilikuwa giza. Wanafunzi walipaswa kuwa bwenini kabla ya jua kuzama, kwa hiyo usiku wote wa filamu ile tuliupiga muchana, na jua la hapa munalijua. Tulichukua depo ya zamani, ghala la pamba, tukafunika madirisha kwa maturubai tuliyoazima kwa wenye mitumbwi. Yalinuka samaki hata waigizaji walikuwa na huzuni ya kweli. Taa nilizitengeneza kwa madebe ya mafuta: unakata debe upande mumoja, unaweka balbu ndani, upande wa ndani unang'aa kama kioo. Mistari ya kivuli ukutani, ile ya madirisha ya Wazungu, tuliipata kwa mukeka wa matete tuliouchambua, tete moja tunaacha, moja tunatoa. Mvua ilikuwa wanafunzi wawili juu ya bati na makopo yaliyotobolewa. Moshi ulikuwa majani mabichi kwenye jiko. Wote walikohoa, lakini nimeshasema sauti haikuchukuliwa.

Kofia njo ilitusumbua. Padri alileta kofia yake ya jua. Ilitoa ukutani kivuli cha uyoga. Mwishowe tulipata moja tu ya maana, nyeusi, ya muuza nguo wa sokoni, nayo walivaa polisi wote watatu kwa zamu. Njo maana katika filamu yetu polisi hawaonekani pamoja hata mara moja. Watu walidhani wanaogopana.

Vijana, nikiwafundisha neno moja la taa, liwe hili: usiongeze taa, ondoa. Mimi kila nilipoogopa kwamba haitaonekana niliweka debe la tatu, na kila nilipoweka, kivuli kilikufa, ukuta ukawa ukuta tu. Alfonsi alikuwa ananiambia, "Papa, zima ile." Nilizima, na muntu akawa muntu wa kuogopwa.

Walikosa hadithi. Alfonsi alikuwa na ya mwizi wa mishumaa, Padri akaikataa. Nikamwambia Alfonsi kando: chukua hii. Fundi mumoja anakufa juu ya kreni. Wanasema mwenzake hakutundika kofia. Polisi anatafuta nani aliiondoa.

Alinitazama mukono, kisha akatazama pengine kwa adabu.

"Ilitokea, Papa?"

"Andika kwanza."

Akaandika. Kwa Padri hadithi ya kofia ilikuwa urembo tu, hakuijua sheria yetu, na mimi sikumueleza. Hakuniuliza.

Palikuwa na picha moja ambayo filamu nzima ilisimama juu yake: mikono inayotungua kofia na kusukuma kishikio. Uso tusiuone. Wanafunzi walijaribu mikono yao, ikawa mifupi, laini, ya kushika kalamu. Nikamwambia Alfonsi, "Iko muntu bandarini, kapita Lukusa. Mikono yake ni mirefu. Mwambie Padri amuombe. Usiseme ni miye."

Ndiyo, nilifanya makusudi. Nilimjua Lukusa. Ungemwambia kuna picha itakayoonyeshwa misioni nzima, angekuja hata akiwa na homa.

Alikuja amejipaka mafuta kichwani, shati jeupe, vifungo vya dhahabu kwenye mikono ya shati. Katika filamu, kama hamujui, hatupigi mambo kwa kufuatana. Leo unapiga mwisho, kesho katikati, kila muntu anajua kipande chake tu. Lukusa hakuambiwa habari ya fundi wala kreni. Aliona ubao mbovu wa zamani tuliookota, kishikio kimoja, na juu ya kishikio kofia ya kijani. Si ile yangu, ile iliungua pamoja na vitu vyangu vingine vya miaka ile, lakini nilikuwa nimemwambia muke wangu aishone nyuma kwa uzi mweupe.

Mimi nilikuwa nyuma ya debe la taa. Muntu aliye mbele ya taa hamuoni aliye nyuma yake. Anaona jua tu.

"Papa Lukusa," Alfonsi akamwambia, "utaondoa kofia, utasukuma kishikio juu. Njo hivyo tu."

Lukusa alisimama. Aliitazama kofia. Nilidhani atakwenda zake.

"Uso wangu utaonekana?"

"Mikono, Papa. Na kivuli."

"Nimekuja na mafuta kichwani kwa ajili ya kivuli?"

Wanafunzi walicheka, naye akacheka, na kucheka kule njo kulimumaliza. Padri akazungusha ufunguo wa kamera. Lukusa alitungua kofia kwa mikono miwili, taratibu, kama sahani iliyojaa. Hakuitupa chini, hakuiweka kwenye sanduku lililokuwa pale karibu. Aligeuka, kamera ya Padri ikafuata mikono yake, akapiga hatua mpaka kwenye mulango wa depo, akaitundika kwenye musumari. Kisha akarudi, akasukuma kishikio.

Hakuna aliyemwambia habari ya musumari. Mimi mwenyewe sikujua kwamba mulango ule una musumari.

"Kata," Alfonsi akasema. "Papa, ulipaswa kuiacha tu hapo. Turudie."

"Musirudie," nikasema kutoka nyuma ya taa.

Lukusa alikaza macho upande wangu, akakinga jua la debe kwa mukono. "Nani yuko pale?"

"Muntu wa taa," nikamujibu.

Padri alisema filamu ni ghali, inatosha. Lukusa alikwenda zake bila kunywa limonadi waliyomuwekea. Nafikiri alikuwa ameanza kuhisi, lakini vitu vilivyoingia kwenye kamera havitoki kwa kuhisi.

Mukanda ulitumwa Ulaya kuoshwa, tukangoja miezi. Miezi ile ilikuwa mibaya kwangu kuliko hospitali. Niliwaza: utapotea, utaungua, meli itazama. Padri alipokuja kwa Alfonsi na gundi na makasi, nikawaza atakata musumari kwa kuwa haukuandikwa. Hakukata. Alisema mwendo wa mikono ile ni wa muigizaji mukubwa.

Ilionyeshwa Jumapili baada ya chakula, kwenye ukumbi wa misioni, madirisha yamefungwa kwa maturubai yaleyale. Wanaume kushoto, wanawake kulia. Bandari nzima ilikuja na jamaa zao. Lukusa alikaa mbele, alikuwa ameshawaambia watu aje kila muntu amuone. Mama Feza alikaa mwisho wa benchi, karibu na njia ya katikati. Aliletwa na dada yake, yeye hakuwa muntu wa sinema. Mimi nilisimama kwenye masini. Alfonsi alikaa kando ya kitambaa cheupe cha picha na karatasi zake, akisoma kwa sauti maneno ya watu wa filamu, wote pamoja na mwanamuke.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Watoto walipiga kelele kwa ajili ya mvua. Polisi wa kwanza alipotokea na kofia nyeusi, akatoka, akaja wa pili na kofia ileile, sauti moja ikasema, "Kofia inafanya kazi kuliko wenyewe," na ukumbi ukacheka mpaka Alfonsi akapoteza mustari.

Kisha ukaja ubao. Kofia kwenye kishikio, na kivuli chake kikubwa ukutani. Mushono mweupe ulionekana wazi.

Kicheko kilikatika upande wa wanaume. Wanawake wa bandari nao wakanyamaza, wanajua sheria ile, waume zao wako hai kwa sheria ile. Ikaingia mikono na vifungo vyake vya dhahabu. Kofia ikatunguliwa, ikabebwa mpaka mulangoni, ikatundikwa kwenye musumari. Alfonsi hakuwa na neno la kusoma pale, ukabaki muungurumo wa masini yangu.

Lukusa alisimama atoke. Alikuwa mbele ya taa, kivuli chake kikafunika kitambaa chote.

"Kaa chini, kapita," muntu akasema. "Unatuzibia."

"Tunakuona mara mbili," akasema mwingine.

Mama Feza aliinuka kwenye benchi lake. Hakupaza sauti, haikuhitajika.

"Lukusa. Kofia ilikuwapo?"

Mimi nisingeweza kusimamisha masini. Ukisimamisha, taa inachoma picha. Kwa hiyo filamu iliendelea kutembea juu ya mugongo wa Lukusa, polisi wa tatu alikuwa anapita begani mwake katika mvua.

"Mama, hii ni muchezo tu," Lukusa akasema.

"Sikuulizi muchezo. Ile siku, kofia ya Yakobo ilikuwa kwenye kishikio?"

Lukusa alitafuta mulango kwa macho. Nafikiri kama angepata mulango karibu angetoka. Lakini pande zote walikuwa watu wa ateliye, kila mumoja na kofia yake magotini.

"Ilikuwapo, Mama."

"Nani alikutuma?"

"Bwana Delcourt. Alisema meli haingoji kofia."

Mama Feza akaketi. Lukusa akapita katikati, watu wakavuta miguu apite, hakuna aliyemugusa. Padri Odilon akaniambia kwa sauti ndogo, "Yakobo, wanabishana nini?" Nikamujibu, "Habari ya kofia, Padri." Akasema endelea, nikaendelea. Mwovu alikamatwa mwishoni, kama alivyotaka, lakini sidhani kama kuna aliyemutazama.

Kama munangoja kusikia kwamba walifungwa, hapana. Delcourt alikuwa ameshahamishiwa kule Bendera, wanakotengeneza umeme kwa maji, kisha akarudi kwao. Hakuna aliyemuandikia, na mimi sijui kuandika kwa Kifaransa. Ninaandika hapa: Delcourt alituma, Lukusa alitungua na kudanganya. Lukusa alibaki kapita mpaka alipoomba mwenyewe kwenda kazi ya gari-moshi kule Kabalo. Miezi yake ya mwisho, kila fundi aliyekata umeme alitundika kofia, kisha akamuita aje aione. "Kapita, umeiona?" "Nimeiona." Kila siku, kila fundi. Hakuna aliyepanga, ilianza tu. Mimi pia nilimuita.

Na mimi walinirudisha juu ya kreni. Hakuna aliyesema kwa nini. Ateliye haiombi radhi, inakupa ngazi. Nilipanda miaka ile yangu ya mwisho na vidole vinane, na niliipenda kazi kuliko nilipokuwa na kumi. Asubuhi juu pale unaona mitumbwi ya samaki wa mikebuka ikirudi, na muntu wa chini anakupigia mluzi umpe kamba. Sidai zaidi.

Filamu ilionyeshwa tena mara kadhaa, mpaka ikakatika vipande. Alfonsi sasa anafundisha, anasema wanafunzi wake hawaamini.

Mama Feza alikuja kesho yake ya ile Jumapili, asubuhi, nikiwa ninafunga kiatu. Muke wangu akamutolea kiti, akaingia jikoni mwenyewe bila kuambiwa. Mama Feza alikaa. Nilidhani ataomba msamaha, nikaanza kutafuta maneno ya kumuzuia. Hakuomba.

"Niambie ile siku," alisema. "Tangu asubuhi. Hakuna muntu aliyeweza kuniambia, weye tu ulikuwapo, na weye sikukuuliza."

Nikamwambia. Kwamba Simoni alifika kabla yangu, akanifungulia ateliye. Kwamba tulipokuwa juu upepo ulikuwa wa ziwani, wa baridi, akaimba kidogo, vibaya kama kawaida yake. Nikafika pale ambapo tulifungua chakula.

"Alisema nini?" akauliza.

"Mama, alilalamika."

"Alilalamika nini?"

"Samaki. Alisema umetia chumvi kama muntu anayelipwa na muuza chumvi. Akala yote, na kipande changu akala."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa, kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Chumvi ilikuwa sawa," alisema. "Yule baba alikuwa na maneno tu. Haya, endelea."